Vidukari kwenye mawaridi: maji, sabuni, mwarobaini au wadudu rafiki?

Vidukari, au wadudu mafuta kama wengine wanavyowaita, hupenda sehemu ileile unayoisubiri wewe: kitumba kabla hakijafunguka, na chipukizi ambalo bado ni laini. Wanajazana pale, wa kijani au wa rangi ya waridi, kila mmoja amechomeka mrija wa mdomo wake ndani ya mmea anafyonza utomvu. Majani machanga yanajikunja, vitumba vinapinda, na majimaji matamu wanayoyatoa yanadondokea majani ya chini, yananata, kisha yanaota ukungu mweusi. Anayependa mawaridi na hataki sumu kali bustanini akiuliza afanye nini, hupata majibu yanayopingana. Mmoja atamwambia maji matupu yanatosha. Mwingine atasema sabuni, wa tatu mwarobaini, na wa nne atamsihi asiguse kitu, wadudu wengine watakuja kuwala.

Wote wanne wana hoja. Tatizo ni kwamba kila mmoja anazungumzia hali yake: idadi ya miwaridi aliyonayo, muda anaoweza kuutoa, na viumbe wengine walioko bustanini mwake. Kwa hiyo tuziweke njia hizi pamoja na kuzipima kwa vipimo vilevile.

Kwanza mjue mdudu mwenyewe

Karibu mwaka mzima, kidukari jike huzaa bila kupandwa na dume, na huzaa watoto walio hai, hatagi. Mtoto huyo, hali ya hewa ikiwa nzuri, huchukua kama siku saba hadi kumi kukua, naye huanza kuzaa. Ndiyo maana shina ulilolisafisha vizuri linaweza kujaa tena baada ya wiki mbili, na ndiyo maana hakuna njia ya asili inayomaliza kazi kwa mara moja. Anayekuahidi hivyo anakudanganya.

Hakikisha pia unachokiona ni vidukari kweli. Kidukari wa kawaida wa mawaridi ana vijirija viwili virefu vyeusi vilivyochomoza nyuma ya mwili, na ukimtazama kwa karibu utaviona bila shida. Vile vipande vyeupe vikavu vilivyonasa kwenye majani chini yao watu wengi hudhani ni mayai au nzi weupe. Ni ngozi walizojivua wakikua. Ukiona ngozi nyingi na wadudu wachache, kundi lilishapungua, na huenda huna haja ya kupulizia chochote.

Vipimo tutakavyotumia

Cha kwanza ni kasi: baada ya muda gani utaona nafuu. Cha pili ni usalama wa mwaridi wenyewe, maana petali na machipukizi huungua upesi. Cha tatu ni wadudu wengine, yaani nyuki wanaokuja mauani na wale wanaokula vidukari. Cha nne ni kazi: mara ngapi utalazimika kurudi. Mwisho, njia hiyo inamfaa nani.

Mimi kipimo cha tatu nakipa uzito mkubwa kuliko watu wengi wanavyokipa. Ukiua vidukari pamoja na walaji wao, vidukari ndio watakaorudi wa kwanza kwa sababu wanazaliana haraka zaidi, na watakuta hakuna wa kuwala.

Mkono na maji

Njia hii huonekana ya kitoto, ndiyo maana watu huiruka. Unashika ncha ya chipukizi kwa vidole, ukivaa glavu ukitaka, unasugua taratibu kutoka chini kwenda juu. Au unachukua mpira wa maji, unashikilia tawi kwa mkono mmoja lisivunjike, na kuwapiga vidukari kwa maji ya nguvu, hasa upande wa chini wa majani. Tawi lililojaa kupita kiasi unalikata na kulitoa bustanini.

Kwa kasi hakuna njia inayoishinda, kwani matokeo unayaona hapohapo. Vidukari wengi wanaoangushwa hawarudi juu: wengine huumia midomo wanapong'olewa wakiwa wanafyonza, wengine huliwa na wadudu wa ardhini kabla hawajapanda tena. Mwaridi wenyewe haudhuriki ukiwa mwangalifu na vitumba vichanga, ila kuna jambo moja la kuzingatia, nalo ni saa ya kumwagia. Mawaridi yana ugonjwa wa madoa meusi unaoletwa na kuvu, na mbegu za kuvu huyo huhitaji jani libaki na unyevu kwa takriban saa saba au zaidi ndipo zishike. Mwagia asubuhi, jua na upepo vikaushe majani mapema. Anayemwagia jioni anaondoa vidukari na kukaribisha madoa.

Kwa wadudu wengine, vidole ndivyo salama kuliko vyote, kwa sababu unachagua wa kuua na wa kuacha. Maji huangusha kila aliyepo, lakini walio wazima na wenye nguvu hurudi.

Kazi ndiyo gharama yake. Unahitaji kurudia kila baada ya siku mbili au tatu mpaka kundi livunjike, na ukiruka wiki nzima unaanza upya. Njia hii inamfaa mwenye miwaridi michache aliye karibu nayo kila siku. Mwenye ua mrefu wa mawaridi atachoka kabla ya vidukari.

Maji ya sabuni

Sabuni huua kwa kuvuruga ngozi laini ya kidukari na chembe zilizo chini yake, mdudu akapoteza maji na kufa. Hufanya hivyo ikiwa mbichi tu. Ikishakauka haina kazi tena, na kidukari atakayetua hapo kesho hatadhurika. Ukilielewa hilo, mambo mengine yote ya sabuni yanafahamika: lazima imguse mdudu mwenyewe, lazima uupulizie upande wa chini wa majani, na lazima urudie.

Sabuni gani? Hapa ndipo wengi huunguza mawaridi yao. Iliyo bora ni ile iliyotengenezwa mahususi kwa mimea, ambayo kiini chake ni chumvi za potasiamu za asidi za mafuta. Ukikosa, sabuni ya maji iliyo sabuni kweli, isiyo na manukato wala rangi, inaweza kusaidia. Sabuni ya unga ya kufulia na dawa za kukatia mafuta ya vyombo ziache kabisa, kwa kuwa zimetengenezwa kuondoa mafuta, na jani nalo lina tabaka lake la nta linalolilinda. Kipimo ni mililita 10 hadi 20 kwa lita moja ya maji, yaani asilimia moja hadi mbili. Kuzidisha hakuongezi nguvu, kunaongeza kuungua. Kama maji yako ni yale magumu yasiyotoa povu, tumia ya mvua, kwa sababu madini yaliyomo hushikana na sabuni na kuacha utando mweupe usio na faida.

Kabla ya kupulizia shina zima, jaribu majani mawili matatu na usubiri siku moja au mbili. Kingo zikigeuka kahawia, punguza au acha. Usipulizie juani, wala joto likiwa zaidi ya nyuzi 32 za Selsiasi, wala mwaridi ukiwa na kiu. Petali zilizofunguka uziepuke, kwani hupata mabaka. Saa chache baadaye unaweza kusuuza kwa maji safi, na mimi nashauri ufanye hivyo kwa miwaridi michanga.

Kwa kasi, vidukari walioguswa hufa siku hiyohiyo. Kwa wadudu wengine sabuni iko katikati: buu laini la mdudu rafiki likiloweshwa nayo hufa, lakini nyuki atakayekuja majani yakiwa yamekauka hadhuriki. Kazi yake ni ya wastani, kurudia kila baada ya siku nne hadi saba, mara mbili au tatu. Inamfaa aliyevamiwa sana na anayetaka kupunguza idadi upesi, hasa kwenye miwaridi ya kwenye vyungu, ambayo huweza kuigeuza na kuipulizia pande zote.

Mwarobaini

Mwarobaini unafanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Kiini chake, azadirakitini, hakiangushi mdudu papo hapo. Kinamkatisha hamu ya kula na kuvuruga homoni zinazomwezesha kujivua ngozi, kwa hiyo kidukari mchanga anashindwa kukua na mkubwa anazaa kidogo. Anayepulizia leo na kukagua kesho atawaona bado wapo na kudhani amepoteza muda wake. Mpe siku kadhaa, halafu hesabu watoto wachanga, si wakubwa.

Zipo aina mbili ambazo watu huzichanganya. Mafuta yaliyochujwa yakaondolewa azadirakitini huua zaidi kwa kumfunika mdudu na kuziba matundu anayopumulia, na pia huzuia ubwiri unga, ule unga mweupe unaotanda kwenye majani ya waridi. Mafuta yaliyokamuliwa kwa baridi bila kuchujwa, pamoja na viini vilivyotolewa kwenye kokwa, yana azadirakitini yenyewe. Soma kibandiko kabla ya kununua. Ukitengeneza mwenyewe nyumbani, kokwa zina nguvu kuliko majani, ila nguvu ya dawa ya nyumbani hubadilika kila unapoitengeneza, kwa hiyo anza na nyepesi.

Kipimo cha kawaida cha mafuta ni kama mililita 5 kwa lita moja ya maji ya vuguvugu, na matone ya sabuni ili mafuta na maji vishikane. Kukiwa na baridi mafuta huganda, na hapo yaweke chupa ndani ya maji ya moto kwanza. Changanya kiasi cha siku hiyo tu, na utikise mara kwa mara unapopulizia.

Usalama wa mwaridi ni mzuri kama hutapulizia juani na kama hukutumia salfa karibuni. Wakulima wengi wa mawaridi hutumia salfa dhidi ya kuvu, na mafuta yakifuata salfa ndani ya wiki mbili majani huungua. Kwa wadudu wengine, azadirakitini humpata zaidi anayekula mmea kuliko anayetua tu, lakini nyuki akiloweshwa na mafuta anakufa kama mdudu mwingine yeyote. Pulizia jioni nyuki wakisharudi mzingani, na uache maua yaliyofunguka. Hiyo inagongana na kanuni ya kuepuka unyevu wa usiku, najua. Suluhisho ni kupulizia mapema jioni kwa ukungu mwepesi usiotiririka, au alfajiri kabla ya nyuki kuamka.

Jua huvunja dawa hii katika siku chache, hivyo unarudia kila baada ya wiki moja au mbili. Inamfaa asiyeweza kurudi kila siku na asiye na haraka, na hasa mwenye vidukari na ubwiri unga kwa pamoja. Harufu yake haipendwi na kila mtu. Chupa iwekwe mbali na watoto, kwa kuwa mafuta haya si ya kunywa.

Wadudu rafiki

Njia hii naipenda kuliko zote, na kwa sababu hiyo nitajitahidi kuwa mkweli kuhusu udhaifu wake.

Walaji wa vidukari ni wengi. Wapo mbawakawa wadogo wa mviringo, wekundu wenye madoa meusi, ambao kila mtu anawafahamu. Buu lao watu hawalijui na huliua kwa kudhani ni mharibifu: ni refu, jeusi au la kijivu, lina miguu sita na madoa ya rangi ya chungwa, na linatembea haraka juu ya majani likitafuta chakula. Mayai yao ni ya njano, yamesimama wima kwa kikundi chini ya jani. Wapo nzi wenye mistari ya njano na nyeusi wanaoelea hewani juu ya maua. Wakubwa hunywa mbochi, mabuu yao yasiyo na miguu hula vidukari. Wapo pia wadudu wa kijani wenye mabawa mapana ya kuangaza, ambao mabuu yao yana taya mbili zilizopinda.

Kuna na nyigu wadogo mno, ambao hawana haja na binadamu. Jike hutaga yai ndani ya kidukari aliye hai, na buu likamla kutoka ndani. Chukua tawi lililovamiwa ulichunguze: ukiona vidukari waliovimba, wamekauka na kuwa rangi ya kahawia iliyopauka, hawasogei hata ukiwagusa, na wengine wana tundu la mviringo mgongoni, hao ni kazi ya nyigu. Weka bomba chini. Kila mwili uliovimba bila tundu una nyigu mwingine anayekaribia kutoka.

Kwa kasi, njia hii ni ya mwisho. Walaji huja baada ya chakula kuwepo, kwa hiyo kuna siku kadhaa, pengine wiki mbili au tatu, vidukari wataongezeka mbele ya macho yako. Mwaridi uliokomaa, wenye mizizi imara, huvumilia hayo na kuendelea, ingawa baadhi ya maua ya mwanzo yatapinda. Madhara kwa wadudu wengine hakuna. Kazi ni ndogo, lakini inaanza kabla ya uvamizi: panda karibu na mawaridi mimea yenye maua madogo ya wazi, kama giligilani au shamari zilizoachwa zichanue, ili walaji wapate mbochi na chavua.

Vipi kuhusu kununua wale mbawakawa na kuwaachia? Hapa nasita. Wataalamu wa udhibiti wa wadudu wa Chuo Kikuu cha California wanaeleza kwamba mwaridi mmoja mkubwa uliovamiwa sana unahitaji kuachiwa mbawakawa mara mbili kwa kupishana wiki, kama 1,500 kila mara, na kwamba wengi wao huruka na kuondoka ndani ya siku chache. Kwa bustani ya nyumbani ni afadhali kuwavutia walioko kuliko kununua wageni.

Inamfaa mwenye bustani yenye mimea mchanganyiko na subira. Haimfai anayehitaji maua safi wiki hii.

Kitunguu saumu, pilipili na tumbaku

Maji ya kitunguu saumu na pilipili yana wapenzi wengi. Hufukuza kiasi, kwa muda mfupi, na mvua ikinyesha yamekwisha. Nguvu yake haitabiriki na yanawasha macho na ngozi ya anayepulizia. Mara nyingi mtu huongeza sabuni ndani yake, na kinachoua hasa ni hiyo sabuni. Yanamfaa aliye navyo jikoni na ana vidukari wachache.

Maji ya tumbaku siyashauri kwa yeyote. Nikotini ni ya asili, na ni sumu kali kwa nyuki, kwa mifugo, na kwa mtu ambaye imepenya ngozini mwake.

Yanayoharibu njia zote

Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina, anza na hao. Wanakusanya yale majimaji matamu, na kwa faida yao huwafukuza walaji wa vidukari. Funga utepe unaonata kuzunguka shina, juu ya karatasi ili gundi isiguse gamba, na kata matawi yanayogusa ukuta au mmea wa jirani yasiwe daraja.

Jambo la pili ni mbolea. Naitrojeni nyingi kwa mpigo huchochea machipukizi malaini yenye utomvu mwingi, na vidukari huzaa zaidi juu yake. Gawa mbolea kidogo kidogo, au tumia mboji inayoachia virutubisho taratibu.

Uchague vipi

Kama una miwaridi mitano sita na unaipitia kila asubuhi, tumia vidole na maji, na acha chupa za dawa zikae. Utashangaa utakavyowaona mapema vidukari ukizoea kugeuza ncha za matawi.

Kama vitumba vimefunikwa na unataka maua siku chache zijazo, piga kwa maji asubuhi, acha pakauke, kisha pulizia sabuni jua likipungua makali ila majani yawahi kukauka kabla ya usiku. Kata vitumba vilivyokwisha kupinda, havitanyooka.

Kama mwaridi umepandwa karibuni na bado ni mdogo, usingojee walaji, kwani hauna akiba ya kuvumilia. Tumia vidole, au sabuni nyepesi ikifuatiwa na kusuuza.

Vyungu vilivyo ndani ya nyumba au kwenye kibaraza cha ghorofani hufikiwa na walaji wachache, kwa hiyo sabuni ndiyo tegemeo. Unayekagua bustani mara moja kwa wiki utanufaika zaidi na mwarobaini, hasa majani yakiwa na ubwiri unga.

Bustani kubwa yenye mawaridi yaliyokomaa ipe nafasi ya wadudu rafiki kwanza. Kagua matawi kumi hivi kila wiki, na utafute mambo mawili, mabuu ya walaji na vidukari waliovimba. Yakiwepo na yakiongezeka, subiri. Yasipokuwepo baada ya wiki mbili na vidukari wanazidi, pulizia sabuni kwenye matawi yaliyojaa peke yake, mengine uyaache.

Na kama petali zako zinaingia kwenye chai, jamu au keki, baki na mkono na maji kuanzia kitumba kinapoonekana, na osha petali kabla ya kuzitumia.